Kuuandaa Mwili Kabla ya Kuanza Karate au Judo

Kijana wa Mwanza anayetamani kujifunza karate, judo au taekwondo asisubiri siku ya kwanza ya mafunzo ndipo aanze kutafuta pumzi. Wiki 8 za maandalizi, siku 3 au 4 kwa wiki, zinatosha kumfikisha mbele ya mwalimu akiwa na miguu inayohimili kusimama muda mrefu magoti yakiwa yamekunjwa, ili akili yake ishughulike na mbinu badala ya kupambana na uchovu. Muda huo usifupishwe, kwa sababu misuli hupata nguvu mapema kuliko kano zinazoishikiza kwenye mifupa, na anayejiona ameiva katika wiki ya 3 ndiye anayeumia goti au kisigino kwa urahisi.

Miguu ndiyo kazi kubwa, na hapa vilima vyetu vinatufaa kuliko mashine yoyote. Chagua njia ya ngazi au mawe kule Igogo, Mabatini au Isamilo, alfajiri kabla jua halijawa kali, upande kwa kutembea haraka dakika 3, kisha ushuke taratibu. Rudia mara 4, na kila wiki uongeze mzunguko mmoja. Wakati wa kupanda uweze bado kutamka sentensi fupi. Ukishindwa, umezidisha mwendo. Kushuka nako kunahitaji uangalifu, kwani hapo ndipo paja linapofanya kazi ya kuzuia uzito: tua bila kishindo, goti likunjike kidogo na lielekee vinakoelekea vidole vya mguu. Mapaja yatauma siku moja au mbili baadaye, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, lakini maumivu ya kuchoma ndani ya goti ni amri ya kupumzika. Mvua ikinyesha, achana na mawe, ukimbie mahali tambarare.

Siku zisizo za kilima, fanya mazoezi ya nguvu nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, na kujikaza kama ubao ukiegemea viwiko na vidole vya miguu. Mwenye kushindwa pushapu za chini aanze kwa kuegemea ukuta. Kwa mgongo, tumia dumu la lita 20 lililojazwa nusu, yaani kilo 10 hivi. Inama kuanzia kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, ulivute kuelekea tumboni. Kila zoezi lifanye kwa mizunguko 3, ukiacha ungali na uwezo wa kurudia mara 2 zaidi.

Anayelenga judo asisahau shingo. Lala chali, ingiza kidevu kuelekea kifuani, inua kichwa kidogo na uhesabu hadi 5, kwa kuwa anayeangushwa chali bila kushikilia kidevu hivyo hugonga kisogo sakafuni.

Kuogelea ni zoezi zuri, ila sishauri kufanyia kwenye maji ya kina kifupi yenye matete kando ya Ziwa Viktoria, ambako wapo konokono wanaoeneza kichocho na vimelea vyake hupenya ngozi. Aliyezoea kuoga ziwani tangu utoto, na anayechoka bila sababu ya wazi, apimwe kwanza. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa ya prazikwanteli. Chakula hakihitaji gharama kubwa: dagaa wakavu wana protini nyingi mno, na pamoja na maharage, ugali au viazi vitamu wanatosha kujenga misuli.

Katika wiki ya 8 punguza mazoezi hadi nusu, kisha nenda ukaangalie darasa kabla ya kulipa ada. Mweleze mwalimu majeraha yako yote ya zamani, na umuulize wanafunzi wapya wanafundishwa lini kuanguka salama. Akikujibu kwamba wanaanza kwa kupambana, tafuta mwalimu mwingine.