Somo: Uji wa oti wa viungo, mlaini na mzito, usiokatika wala kushika chini

Wakuu salama? Hili somo naliandika kwasababu naulizwa maswali yale yale kila mara, mbona uji wangu wa oti umekuwa gundi, mbona maziwa yamekatika, mbona mdalasini unaelea juu alafu uji wenyewe hauna ladha. Nimechoka kujibu mmoja mmoja inbox, yote nayaweka hapa. Tafadhali soma mpaka chini kabla hujauliza.

Kwanza jua oti ulizonazo, maana hapa ndo wengi wanaanza kupotea. Zile zilizokatwakatwa ni punje yenyewe imekatwa vipande kwa chuma, ngumu, zinataka dakika 25 mpaka 30 na maji mengi, mara tatu au nne ya oti. Oti bapa zimepitishwa kwenye mvuke zikabanwa na rola, hizi zinaiva ndani ya dakika 10 hivi. Oti za haraka ni bapa pia ila zimekatwa ndogo na kubanwa nyembamba zaidi, dakika mbili tatu zimeshalainika. Somo hili ni la oti bapa. Ukitumia za haraka alafu ukafuata muda wangu utapata gundi, na hapo usinilaumu.

Vipimo vya watu wawili (kikombe changu ni cha mililita 250):
- oti bapa kikombe 1
- maji ya baridi kikombe 1 na nusu
- maziwa kikombe 1 na nusu, na mengine kidogo pembeni ya kulegezea
- siagi au samli kijiko 1 cha chai
- iliki punje 4, mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai, karafuu 1 tu, tangawizi mbichi kipande kidogo, kungumanga ya kukwangua
- chumvi, ile ya kubana kwa vidole viwili
- sukari, asali au tende, utakavyo

1. Menya iliki, twanga zile mbegu nyeusi pamoja na karafuu mpaka ziwe unga. Tangawizi ikwangue.

2. Bandika sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo, siagi ikiyeyuka tia iliki, karafuu na mdalasini, koroga nusu dakika mpaka harufu ipande. Usiondoke hapo, viungo vya unga vinaungua haraka na vikiungua vinakuwa vichungu, mwaga uanze upya. Hatua hii watu wanairuka wakiona ni mbwembwe lakini si mbwembwe, harufu ya viungo inayeyuka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na mdalasini ni gome la mti lililosagwa, ukiumwagia tu kwenye maji hauyeyuki, unaelea na kufanya mabonge.

3. Mimina oti kavu humo humo, geuza dakika mbili mpaka zinukie kukaangwa.

4. Tia maji ya baridi, chumvi na tangawizi. Moto wa wastani.

5. Sasa hapa tulia usome polepole, maana ndo pale uji unapoharibika. TANGAWIZI MBICHI NA MAZIWA HAVIKUTANI KABLA TANGAWIZI HAIJACHEMKA. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na kinafanya kazi kwa nguvu maziwa yakiwa ya moto ila hayajachemka, kwenye nyuzi joto 60 mpaka 70 hivi, yaani pale pale ambapo wewe umesimama unasubiri maziwa yapate moto. Matokeo yake ni chenga nyeupe na maji maji, na ukishafika hapo hakuna kurudi, hata ukoroge vipi. Dawa ni ndogo sana, iache tangawizi ichemke kwenye maji pamoja na oti dakika tano kamili, mapovu yakionekana, sio uvuguvugu, moto wa kuchemka unakiua hicho kimeng'enya na baada ya hapo maziwa yanaingia salama. Tahadhari: usikwangulie tangawizi mbichi juu ya uji mwishoni eti kuongeza ukali. Usikamulie maji ya tangawizi kwenye maziwa. Na ya unga nayo ichemshe vile vile, usiiamini kwa kuwa ni kavu. Tahadhari nyingine, maziwa yaliyoanza kuchacha yatakatika hata bila tangawizi, kama una wasiwasi nayo chemsha kidogo pembeni kwanza uone, bora upoteze nusu kikombe kuliko sufuria nzima.

6. Maji yakishanywewa na oti zimevimba, punguza moto uwe mdogo kabisa, mimina maziwa kidogo kidogo kwa mafungu matatu, koroga kila fungu likolee ndo uongeze lingine. Mwiko upite chini kwenye kitako, maana protini ya maziwa inajishika chini na kuungua, ukisikia mwiko unakwama ujue ukoko umeanza. Ukoko ukishaungua usiukwangue, hamishia uji sufuria nyingine, ule wa chini uache ulipo.

7. Dakika nne tano baada ya maziwa kuisha, epua. Epua ukiwa bado unaona uji ni mwepesi kuliko unavyoutaka. Wanga unaendelea kunywa maji hata jiko likiwa limezimwa, na ukipoa unaganda zaidi, kwahiyo ukiepua ukiwa mzito mezani utafika bonge. Funika dakika tatu, fungua, koroga, na kama umezidi uzito ongeza maziwa ya moto vijiko viwili vitatu.

8. Sukari au asali tia sasa. Kungumanga kwangua kidogo tu juu, kidogo kweli, ni kali na ikizidi sana ina madhara mwilini, kijiko kizima sio kiungo tena.

Basi. Karibuni maswali.

Swali: Nimefuata kila kitu na maziwa yamekatika. Tangawizi nimeweka mwishoni kabisa ili isipoteze ukali.

Jibu: Hujafuata kila kitu. Rudi hatua ya 5.

Swali: Mkuu unachemsha dakika ngapi?

Jibu: Imeandikwa.

Swali: Mi nimezoea kusubiri maji yachemke ndo namwaga oti, kama ilivyo kwenye pakiti. Kuna tofauti gani na maji ya baridi? Nauliza kwa nia ya kujifunza.

Jibu: Swali zuri hili, asante. Tofauti ipo na unaiona kwenye bakuli. Wanga wa oti unaanza kuvimba kwenye nyuzi joto 55 au 60 hivi, na oti zina nyuzinyuzi inayoyeyuka kwenye maji inaitwa beta-glukani, hiyo ndo inayofanya uji uteleze. Ukianza na maji ya baridi joto linapanda taratibu, hivyo vyote vinapata muda wa kutoka kwenye oti na kuingia kwenye maji, uji wote unakuwa mlaini. Ukimwaga kwenye maji yanayotokota, nje ya oti inavimba ghafla na ndani kunabaki na utafuno, kila kipande kinajitegemea. Kuna wanaoupenda hivyo na wala hawajakosea, ni chaguo. Ukitaka mlaini zaidi ya huu wangu, loweka oti na yale maji usiku kucha kwenye friji, asubuhi kaanga viungo kwenye siagi, mimina oti na maji yake, endelea na hatua ya 4, hapo oti zenyewe zitaiva kwa nusu ya muda ila tangawizi dakika zake tano ziko pale pale. Hiyo beta-glukani ndo hiyo hiyo inayohusishwa na kushusha kolesteroli, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu maelezo hayo kuandikwa kwenye bidhaa za oti mwaka 1997, na kiwango kinachotajwa ni gramu 3 kwa siku. Bakuli moja la hapa lina kama gramu 40 na kitu za oti kavu, hiyo inakupa karibu nusu ya hizo 3 au zaidi kidogo.

Swali: Sasa siagi ya nini? Oti ni chakula cha afya we unajaza mafuta. Uji ni maji na oti basi.

Jibu: Kijiko kimoja cha chai kwa watu wawili, hakuna aliyejaza mafuta. Sababu nimeieleza hatua ya 2. Kama hutaki, kaanga viungo na oti vikavu bila mafuta kwenye moto mdogo, utapata harufu ila haitakolea vile vile. Maji na oti tupu pia ni uji, hilo silipingi, ila somo linasema uji wa viungo.

Swali: Maziwa ya unga yanafaa? Na tui la nazi je, kwa asiyekunywa maziwa?

Jibu: Vyote vinafaa. Maziwa ya unga yakoroge kwanza na maji ya uvuguvugu kwenye kikombe mpaka yawe laini, usinyunyize unga moja kwa moja kwenye uji wa moto, ni mabonge. Tui zito lisitokote kwa nguvu, linajitenga mafuta yanaelea, kwahiyo pika oti kwa maji vikombe viwili na nusu mpaka ziive kabisa, tui la nusu kikombe liingie mwisho, likipata moto tu epua. Na tui linapatana sana na iliki, ukitumia tui punguza mdalasini uone.

Swali: Dada wa viungo hapa, naongezea. Iliki ukiitwanga na kijiko cha sukari inasagika haraka haikimbii kwenye kinu. Alafu yale maganda usitupe, weka kwenye kopo la majani ya chai.

Jibu: Dada umesema kweli, hiyo ya sukari nami naitumia, ila hiyo sukari isipite kwenye siagi itaungua, kwa somo hili twanga na oti kavu kijiko kimoja badala ya sukari, kazi ni ile ile. Ya maganda nakubali mia kwa mia.

Swali: Nataka kumpa mtoto wa miezi 8.

Jibu: Mtoto chini ya mwaka ASIPEWE ASALI, hata kidogo, hata ikiwa imepikwa, inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta sumu ya botulinamu na tumbo lake bado haliwezi kupambana navyo. Chumvi na sukari acha. Karafuu, tangawizi na kungumanga acha, mdalasini chembe au iliki chembe inatosha. Saga oti kavu kwenye blenda ziwe unga kabla ya kupika, uji utakuwa mlaini hana haja ya kutafuna. Na kama hajawahi kula oti au maziwa ya ng'ombe, anza na kimoja, kidogo, uangalie siku chache kabla ya kuongeza kingine.

Swali: Oti hazina ngano si ndio? Mume wangu ngano imekatazwa na daktari, ana siliaki.

Jibu: Oti si ngano, lakini mara nyingi zinalimwa, zinasafirishwa au kusagwa sehemu moja na ngano na shayiri, zinachanganyika. Kwa mwenye siliaki tafuta pakiti iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni (ile protini ya ngano na shayiri inayoumiza utumbo wa mwenye siliaki), na hata hizo amuulize daktari wake kwanza dada, kuna wachache oti zenyewe zinawasumbua. Hapo usikisie.

Swali: Maikrowevu?

Jibu: Inawezekana. Bakuli kubwa mara tatu ya uji, la sivyo inafurika. Oti, maji na viungo kwanza dakika mbili, koroga, moja tena, alafu maziwa, dakika moja. Tangawizi usiweke kabisa, huwezi kuwa na uhakika imechemka kila sehemu.

Swali: Nimeona umesema mdalasini wa unga. Kuna tofauti ya mdalasini na mdalasini? Nina vijiti vya aina mbili nyumbani, kimoja kinene kigumu, kingine chembamba kinavunjika kwa vidole.

Jibu: Upo vizuri. Huo mwembamba wenye tabaka nyingi ndo wa Ceylon, una utamu wa taratibu. Mnene wenye tabaka moja ni kasia, ni mkali zaidi, na una kumarini nyingi, kitu ambacho mtu akila kwa wingi kila siku kinaweza kuumiza ini. Bakuli la mara moja moja halina neno, ila kama uji huu ni wa kila asubuhi tumia huo mwembamba. Na kijiti kizima usikisage, kitie hatua ya 4 kichemke na maji, ukitoe wakati wa kuepua, uji unabaki mweupe mzuri.

Swali: Unakaa siku ngapi? Naishi peke yangu napika mwingi.

Jibu: Ukipoa uweke kwenye friji usizidi saa mbili nje, kwenye chombo chenye mfuniko, siku tatu mpaka nne. Utakuwa umeganda, ni kawaida, usiutupe. Chukua unaotaka tu, tia maziwa au maji robo kikombe, moto mdogo, uponde na mwiko taratibu mpaka ulegee, alafu upate moto kabisa. Asali tia siku ya kula. Na ukipika mara mbili ya kipimo usizidishe maji mara mbili kamili, punguza kama robo kikombe, sufuria ikijaa maji hayakauki kwa kasi ile ile, uzito ukizidi utalegeza na maziwa mwishoni.

Swali: Sufuria imeungua mkuu, nimesoma hatua ya 6 nimechelewa.

Jibu: Pole. Jaza maji yafunike palipoungua, tia baking soda vijiko viwili vya chakula, chemsha dakika 10, acha ipoe nayo humo humo. Ukoko utabanduka na mwiko wa mbao. Kama sufuria ni ya aluminiamu usitumie baking soda, inaiacha nyeusi, chemsha na maji ya limao.