Jinsi ya kuandika kimya bila kuandika "kimya sana"

Nimeandika michezo ya redio kwa miaka mingi, na redioni kimya ni mtihani. Jukwaani mwigizaji anaweza kusimama tu, watu wakamwona kanyamaza. Redioni ukinyamaza sekunde kumi, msikilizaji anaipiga redio kofi akidhani betri zimekwisha. Kwa hiyo kimya inabidi kisemwe, na hapo ndipo wengi wanaoniletea kazi niwasomee hukimbilia neno moja: sana. Kimya sana. Sauti ya chini sana.

Tuchukue sentensi mbili, twende nazo mpaka mwisho:

"Usiku ule Pangani kulikuwa kimya sana. Bi Mwanaidi aliongea kwa sauti ya chini sana."

Hatua ya 1: Futa "sana", kisha uliza nani kanyamaza

Anayenyamaza ni yule aliyekuwa akisema au akilia, au aliyengojewa aseme. Ndiyo maana mtoto analia tunamwambia "nyamaza", na shahidi akibanwa na maswali hunyamaza; jiwe halinyamazi, halikuwa na la kusema. Mtu mkimya ndivyo alivyo siku zote, aliyenyamaza huenda ni leo tu. Kutulia kunahusu mwili kuliko sauti: darasa linaweza kunyamaza bila kutulia, watoto wanafinyana chini ya madawati. Aliyeduwaa kakaukiwa na maneno kwa alichokiona. Kisha kuna kimya cha mtu wa mbali. "Mbona kimya?" tunamwandikia rafiki asiyepiga simu, ingawa huko aliko huenda anapiga soga mchana kutwa.

Neno ninalolipenda kuliko yote hapa ni shwari. Mjini limekuwa jibu la salamu: mambo vipi, shwari. Baharini maana yake upepo umekufa na maji yamelala. Mwenye boti ya mashine atashukuru. Mwenye ngalawa ya tanga amekwama, hasa majira ya maleleji, upepo unapogeuka kati ya kaskazi na kusi. Andika "bahari ilikuwa shwari", msomaji wa bara atashusha pumzi. Wa pwani ataanza kuhesabu nani hajarudi.

Basi usiku wetu wa Pangani umepata sababu. Bahari ni shwari, na mwana wa Bi Mwanaidi katoka na ngalawa.

Hatua ya 2: Tia tanakali kwa kipimo

Shuleni tulizikariri kama jedwali la kuzidisha, kisha tukaziacha hukohuko. Hasara. Kila moja ina kitenzi ilichozoeana nacho: nyamaza jii, tulia tuli, lala fofofo. Ukiandika "alilala jii", sikio linagoma.

Kwa matone tunazo mbili, na methali imeshazitenganisha: chururu si ndo! ndo! ndo! Chururu ni bomba lililofunguliwa, ndo ni bomba linalovuja. Ukitaka kimya chukua ndo, kwa kuwa kati ya tone na tone pana nafasi, na msomaji akiwa katika nafasi hiyo ndipo anapotega sikio. Tanakali mbili kwa aya zinatosha. Ya tatu ikiingia, hadithi inakuwa ya chekechea.

Hatua ya 3: Amua mdomo umefunguka kiasi gani

"Aliongea kwa sauti ya chini" ni maneno matano yanayofanya kazi ya kitenzi kimoja. Alinong'ona. Na kitenzi hicho kinazaa: ukinong'ona, huenda unasema peke yako, ukimnong'oneza mtu, lipo sikio linalopokea, wakinong'onezana, sasa wewe uliye pembeni una wasiwasi. Herufi moja mbili zimekueleza nani yumo na nani katengwa.

Jaribu kuyatamka: nong'ona, nung'unika, mung'unya maneno. Sauti ya ng' inapitia puani, midomo haina haja ya kuachana sana. (Ng'aka nayo ina ng', lakini ile *a* inaupasua mdomo.) Usisahau ule mkato wa juu, "nongona" si neno, na nimelikuta hata kwenye miswada iliyopitiwa mara mbili. Kuguna kuko chini zaidi, hakuna hata neno, na bado mke akiguna mume huelewa.

Angalizo kuhusu kuteta. Magazeti ya Tanzania yakiandika kiongozi "ateta na" mwenzake, wamezungumza faragha. Msomaji wa Kenya anaweza kuelewa wamelalamikiana. Na pwani ukimteta mtu, umemsema vibaya hayupo. Kama kazi yako itavuka mpaka, tumia nong'onezana ulale salama.

Hatua ya 4: Kipe kimya kitu cha kugusa

Mchakacho wa majani makavu. Manyunyu juu ya makuti. Mtu anayenyata. Chagua kimoja au viwili vinavyopatikana kweli mahali pale, wakati ule. Mwandishi mmoja aliniletea mchakacho wa majani katikati ya ngalawa; nikamuuliza mti umepandwa wapi.

"Kimya cha kuziba masikio" kiache. Kimeazimwa lugha nyingine na hakijazoea hapa.

Hatua ya 5: Soma gizani

Zima taa, jirekodi kwa simu, sikiliza. Mahali ulipolazimika kupandisha sauti ndipo pana neno lisilostahili. Mimi nilikuwa nimeandika "ghafla" kabla ya mchakacho. Nilipojisikia nikiitamka nilishtuka mwenyewe, nikaifuta. Hii ndiyo iliyobaki:

"Yalikuwa maleleji, bahari shwari, na ngalawa ya Hamisi haijarudi. Kwa jirani walishalala fofofo. Bi Mwanaidi alikaa barazani, na ndani mtungi ulikuwa ukivujia sinia: ndo... ndo... Kati ya tone na tone aligeuza uso kuelekea ufukweni. Mchakacho ukapita chini ya mwembe. Akazuia pumzi. 'Hamisi?' alinong'ona. Mchakacho ukakoma. Paka akatoka akinyata, akamtazama, akaenda zake. Ndo..."

Neno kimya halimo. Sinia niliiongeza mwishoni kabisa, maana tone likiangukia udongo halisikiki, na mtayarishaji wangu wa sauti alitaka kujua atarekodi nini.