Kupima hewa ukaa inayotoka majini kwa beseni linaloelea

Iwe bwawa la Hombolo, Dodoma, au delta ya Rufiji, njia ni moja: unafunika kipande cha maji, kisha unaangalia hewa ukaa inavyopanda ndani ya kifuniko.

Tafuta beseni lenye mdomo wa sentimita 36. Eneo lake ni mita ya mraba 0.1. Livishe foili ya aluminiamu, maana jua la Dodoma likiipasha hewa ya ndani vipimo huyumba. Lifunge chupa nne tupu za maji za nusu lita pembeni ili ukingo uzame sentimita 2 hadi 3. Ukipungua hapo, kiwimbi kidogo tu hewa inavuja. Kihisi cha hewa ukaa cha infraredi kikae juu ndani, pamoja na vifuko vya jeli ya silika vya kunyonya unyevu, na uzime mfumo wa kihisi wa kujirekebisha chenyewe.

Shusha beseni kifudifudi, taratibu, soma kila sekunde 30 kwa dakika 10. Namba ikiruka ghafla, ni kiputo kutoka kwenye tope au pumzi yako, rudia. Kwenye maji yanayotembea, acha beseni lielee na mtumbwi. Ukilitia nanga, mkondo unasugua ukingo na matokeo yanavimba.

Wengi hukwama kwenye hesabu. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni karibu hektopaskali 890. Kwa nyuzi 25, moli moja (kipimo cha wingi wa chembe) ya hewa huchukua lita 27.8, si 24.5 za pwani. Kihisi nacho kisipowekewa mwinuko husoma pungufu kwa asilimia 12 hivi. Rekebisha vyote viwili. Ukirekebisha kimoja tu ndipo unapopotea. Mfano: hewa ya ndani lita 15, ongezeko la ppm 6 (sehemu 6 kwa milioni) kwa dakika. 15 ÷ 27.8 × 6 ni maikromoli 3.24 kwa dakika. Gawanya kwa 0.1 (eneo), zidisha kwa 1,440 (dakika za siku), gawanya kwa 1,000, upate takriban milimoli 47 kwa mita ya mraba kwa siku.

Lakini usiipe siku nzima kipimo cha saa nane mchana. Mwani hufyonza hewa ukaa juani, na maji yaleyale huitoa usiku. Pima alfajiri pia, kabla upepo haujaanza, na waulize wavuvi kwanza viboko wako upande gani.