Msosi wa kazini wa wiki nzima: cheza na vyote ila sio na wali uliolala kwenye sufuria

Nianze na lililo muhimu kabla hamjachoka kusoma. Wali ukishaiva unatakiwa uwe umepoa na umeingia friji au friza ndani ya saa moja. Saa moja, sio "ngoja mechi iishe", sio "asubuhi nikiamka". Mengine nitakayoandika humu, ya chapati sijui ugali sijui kontena, hata ukiyasahau utakula tu, ila hilo la wali ukilisahau litakula shifti zako kama lilivyokula zangu.

Nawaandikia hasa wenzangu tunaotunza wazee huku Uingereza, maana wengi tumeingia toka 2022 walipotufungulia ile viza, ila na wewe unayebeba boksi ghalani au uko ofisini inakuhusu, tumbo ni lilelile.

Kwanini ubebe chakula mnajua wenyewe. Sandwichi ya kuku baridi, pakiti ya krispi na soda inakutoka karibu paundi nne, mara tano kwa wiki, piga hesabu ya mwezi afu igeuze shilingi uone kama hutaumwa kichwa. Na hata hushibi. Shifti ya masaa 12 unageuza wazee kitandani, unasukuma viti, unabadilisha mashuka, mkate baridi utakufikisha wapi? Kwahiyo sote tunafanya ileile, Jumapili tunapika sufuria moja ya nguvu, tunagawa kwenye kontena za tekawei, wiki inaenda. Wazo zuri kabisa. Shida ipo pale kati ya sufuria na kontena.

Sasa sikilizeni mtego unavyokaa. Jumapili jioni umepika pilau lako, nyama imeiva, umekula, umefunika sufuria umeliacha juu ya jiko ukaenda kulala, kama tulivyozoea nyumbani. Ila huku ni Januari, nyumba ya kushea, hita inawaka usiku kucha maana kuna mwenzenu mmoja anasikia baridi kuliko binadamu wote, na sufuria kubwa lililojaa pilau katikati yake halipoi, linakaa vuguvugu masaa na masaa. Asubuhi unajaza kontena tano, unaenda zako kazini ukijiona mtu mwenye mipango.

Kuna mdudu anaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake zinakuja na mchele mkavu toka dukani, uwe basmati, uwe wa Kyela uliobebewa na shangazi, hakuna tofauti. Ukipika haziishi zote. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana, zinaacha sumu kwenye chakula, na hiyo sumu ndo haifi kwa moto. Narudia kwa sababu kila nikisema hili kuna mtu ananijibu "si unapasha tu mpaka unatoa moshi?" HAIFI KWA MOTO. Pasha dakika tano, pasha kumi, utaua mdudu, sumu aliyoiacha utaila ikiwa ya moto. Afu wali wenyewe hata hauonyeshi dalili, haujachacha wala hauna utelezi, unanukia iliki na mdalasini vizuri tu.

Unakula saa saba mchana. Kutapika kunaanza kati ya nusu saa na masaa sita hivi baada ya kula, mimi ilinikuta namlisha bibi mmoja pudini yake, nikaweka kijiko chini nikakimbia.

Kutapika kwenyewe sio ishu sana, kwa wengi ndani ya masaa 24 unakuwa umeshapona. Ishu ni mfumo. Ukitapika kazini kwenye nyumba ya wazee hawakuulizi umekula nini, wao wanawaza noro, yule mdudu wa kutapika wa majira ya baridi anayeweza kumaliza jengo zima la wazee kwa wiki moja. Kwahiyo unarudishwa nyumbani na HURUHUSIWI kurudi mpaka yapite masaa 48 toka ulipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Mara ya mwisho, sio ya kwanza. Ukijisikia mzima saa nne usiku, afu saa tisa alfajiri tumbo likakukumbusha, hesabu inaanza upya saa tisa. Na ukisema "bosi mimi najua ni wali tu" hakuna anayekusikiliza, na kusema kweli hata mimi ningekuwa bosi nisingesikiliza, mzee wa miaka 90 hawezi kubeba kamari yako.

Sasa weka hapo mkataba wa ziro-awa, ule usiokuahidi hata saa moja ya kazi. Masaa 48 ni shifti mbili, ukiwa na bahati mbaya tatu, na wakati ule malipo ya kuumwa yalikuwa hayaanzi mpaka siku ya nne, yani unapona kabla hujaanza kulipwa. Unarudi unakuta rota, yani ratiba ya shifti, imeshapangwa upya, wikiendi ile yenye hela nzuri kapewa mtu mwingine. Hakuna aliyekugombeza. Waingereza kwa hilo niwape maua yao, hawajui kugombeza. Utaambiwa pole mpenzi, nenda kapumzike, unywe maji mengi, wanatabasamu hukohuko wanakufuta kwenye rota. Nyumbani bosi angekufokea afu akakuachia shifti yako. Mimi bora wa kufoka.

Na ndugu zetu wapendwa. Nikamwambia mama mdogo kwa WhatsApp, jibu lake: "mbona sisi viporo tunakula toka tumezaliwa, nyie mmekuwa wazungu". Mama mdogo nakupenda ila hapana. Kiporo cha nyumbani ni mabaki kidogo chini ya sufuria, saa kumi na mbili asubuhi kimeshaliwa na chai, hakikai mpaka Alhamisi. Na hata hicho, jamani tuseme ukweli, ni mara ngapi mtu kaharisha tukasingizia maji au jicho la jirani? Halafu mtu wa nyumbani akiumwa tumbo analala siku nzima na uji unaletwa mpaka kitandani. Huku ukilala siku nzima mwenye nyumba haachi kudai kodi, na wewe mama mdogo mwenyewe haupunguzi ile hela ya tarehe tano.

Basi tufanyeje. Mchele ukiiva tu usiuache sufuriani. Mimi namwaga kwenye treya la oveni, nautandaza mwembamba kama naanika mpunga, nafungua dirisha, hiyo baridi yao ndo sehemu pekee inayonisaidia maishani. Robo saa hivi umeshapoa. Naugawa kwenye kontena ndogo, sio moja kubwa, kubwa inarudia kosa lilelile la sufuria, katikati haipoi. Kontena moja tu ya kesho inaingia friji. Nyingine zote friza, usiku huohuo. Wali kwenye friji mwisho masaa 24, ndo wanavyoshauri hata mamlaka yao ya chakula, wakati mchuzi, nyama na maharage wanakupa siku mbili. Kwahiyo ile ya kupanga kontena tano kwenye friji Jumapili mpaka Ijumaa haipo, haijawahi kuwepo, ni picha za mitandaoni zile. Usiku hamisha kontena moja toka friza kwenda friji, kesho yake iliwe, isirudi. Ukipasha umepasha, hamna kupasha mara ya pili, ukibakisha mwaga. Najua inauma kumwaga wali, tumelelewa tofauti, mwaga.

Na hilo friji lenyewe uliangalie. Kile kitufe cha kuzungusha chenye namba moja mpaka saba, zile sio digrii! Nimekuta nyumba nzima ya vijana wetu wameweka moja wakiamini ni digrii moja, kumbe kwenye mengi namba ikipanda ndo baridi inaongezeka, moja ndo vuguvugu kuliko zote. Inatakiwa digrii 5 kushuka chini. Nunua kipimajoto cha friji, bei yake ndogo, kiweke shelfu ya kati. Na msijaze friji la watu wanne kwa chakula cha watu tisa, hewa haizunguki.

Mtego wa pili nautaja kwa sababu unawapata zaidi waliohamia majuzi na wakanunua lile jungu la umeme la moto mdogo, slokuka, wanaweka maharage mekundu makavu asubuhi wanaenda kazini wanarudi yameiva. Hayajaiva hayo. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, punje nne tano zinatosha kukulaza, na jungu likiyapasha bila kuyachemsha sawasawa, kama nyuzi 80 hivi, sumu inaweza kuzidi hata ya mabichi. Nyumbani hatukuwahi kusikia hili kwa sababu maharage tulikuwa tunayachemsha kwenye mkaa mpaka mtu anasahau, huko hakuna sumu inayobaki. Huku loweka usiku kucha, mwaga maji, weka mapya, chemsha yatokote kweli kweli, wengine wanasema dakika 10, Wamarekani wanasema 30, mimi nachukua 30 maana sitaki tena kuonana na yale masaa 48. Baada ya hapo tia kwenye jungu lako. Au presha kuka kama nyumbani. Au ya kopo, yameshapikwa, hamna dhambi.

Vinavyokaa vizuri friza: makande, kwa wenzetu wa Kenya githeri, hicho ndo chakula cha diaspora haswa, kinatoka friza kama kimepikwa leo. Rosti ya nyama, ndengu, choroko, kuku wa mchuzi, vyote sawa. Mchuzi wa nazi ukiyeyuka unaonekana umekatika, koroga unarudi. Chapati weka karatasi kati ya moja na nyingine, ila ukizipeleka kazini kwenye foili itoe kabla ya mikrowevu, tafadhali, sitaki kusikia umewaita zimamoto. Ugali unarudi ukiwa jiwe, unyunyizie maji ufunike ndo upashe, hata hivyo haufanani na ule, mi siku hizi ugali nakula nyumbani tu. Badala ya sukuma tumia mboga zao za majani, ile inayoitwa "kale" au springi grini. Kachumbari kontena ya pembeni, isiguse friza. Nyama nunua jioni zile zenye stika ya njano, zilizopunguzwa bei, ila soma tarehe, ile ya "yuzi bai" ni ya usalama, ikipita usile hata kama inanukia vizuri, ile ya "besti bifoo" ni ya ladha tu. Ukiigandisha kabla tarehe ya kwanza haijapita umejiokoa.

Na mnaotarajia kuja, msibebe nyama kavu wala samli mkidhani mtapunguza gharama za wiki ya kwanza. Nyama na vitu vya maziwa toka kwetu haviruhusiwi kuingia, vitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege huku mama aliyepika analia WhatsApp.

Kazini. Ukifanya zaidi ya masaa sita sheria inakupa mapumziko ya dakika 20, na sio lazima yalipwe. Dakika 20, mikrowevu moja, watu sita kwenye foleni, hesabu unaiona. Ndo maana wengi wetu tumehamia kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana: asubuhi unaijaza maji yanayochemka dakika tano, unamwaga, unatia chakula kikiwa kimechemka kweli, unafunga. Mchuzi, maharage, makande vinafika mchana bado moto. Wali kwenye chupa mimi siweki, nshasema, naogopa vuguvugu la aina yoyote. Hotipoti ile ya harusini nayo iache nyumbani, huo ni uvuguvugu wenye mapambo.

Kuhusu samaki. Usipashe dagaa kwenye mikrowevu ya kazini. Naujua huo mjadala, naujua na uonevu uliomo, mtu anapasha bakoni asubuhi jengo zima linanuka na hakuna anayekunja uso, wewe ukifungua sangara unaulizwa "oo, hiyo ni nini?" kwa sauti ile nyembamba. Hawatakwambia uache. Kesho yake utakuta karatasi imebandikwa ukutani, "tunawaomba wafanyakazi wote wazingatie wenzao", wote hapo ni wewe. Kinachonichosha zaidi ni kwamba watu hawa hawakaribishani. Mtu anakaa mbele yako anatafuna kisandwichi kimya anaangalia simu, hata neno karibu hana, miaka sasa na bado mimi kila nikifungua kontena nasema "karibuni" kwa Kiswahili kwa sauti. Kuna dada mmoja wa Kipolandi alishaelewa, siku hizi anakuja na kijiko chake.

Mwisho, kama imeshakukuta: toa taarifa mapema kwa maandishi, meseji au imeili, sio kwa kumwambia mwenzio apeleke salamu. Siku saba za kwanza hauhitaji karatasi ya daktari, unajaza mwenyewe fomu ya kuumwa. Andika saa uliyotapika mara ya mwisho, maana ndo hesabu ya kurudi inaanzia hapo, na usiongope ili uwahi shifti, wakigundua hiyo sio pole mpenzi tena. Zile kontena nne zilizobaki za sufuria lilelile zitoe kwenye friji zote, hata kama ni pilau la nyama ya mbuzi, na usimgawie mwenzio wa chumba cha pili.