SOMO: Soma malisho yako kwa kutazama mdomo na kinyesi cha mnyama

Wafugaji wa huku Lindi na Mtwara tukikutana, swali la kwanza ni "una ng'ombe wangapi?" Mimi huuliza wanakula nini, na wakishakula kinabaki nini. Kundi la ukubwa uleule linaweza kulitunza eneo moja na kulimaliza jingine.

Hatua ya 1: Jua mnyama wako anakulaje

Ng'ombe huzungushia ulimi fungu la nyasi, akalivuta na kulikata. Nyasi fupi sana humshinda. Kondoo hukata karibu na udongo, kwa hiyo akikaa mahali pamoja muda mrefu anaacha vipara. Mbuzi anapenda zaidi majani ya vichaka. Midomo yake huchomoa jani katikati ya miiba bila kuchomwa. Ukifuga ng'ombe peke yao kwa wingi, nyasi hupungua na vichaka hupata nafasi. Mbuzi wachache huvirudisha chini.

Mgawanyo huo ni wa zamani mno. Pale Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Giraffatitan, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin, alikuwa na shingo ya kufikia majani ya juu mitini. Dicraeosaurus wa palepale shingo yake ilikuwa fupi, akala ya chini. Hiyo ni miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Hatua ya 2: Kagua kinyesi

Masika, kinyesi cha ng'ombe hutandazika chini. Ukifika Agosti kinasimama kwa matabaka, kigumu, na ukikivunja kwa kijiti unaona nyuzi za nyasi nzimanzima. Nyasi zimekomaa na protini yake imeshuka. Ikiwa chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinakosa nitrojeni ya kuvunjia nyuzi. Chakula hukawia tumboni, mnyama anakula kidogo, anakonda huku nyasi zimemfika magotini.

Hatua ya 3: Ziba pengo la kiangazi

Huku tuna bahati ya mbaazi. Majani na maganda yanayobaki baada ya kupura yasichomwe, yahifadhiwe pakavu. Mashudu ya ufuta nayo ni mazuri, kidogokidogo. Mwenye eneo apande lukina, mti ambao majani yake ni malisho.

Hatua ya 4: Hamisha mapema

Usisubiri udongo uonekane.

MASWALI

*Mama Shaibu, Nachingwea:* Shikamoo mwalimu. Mbuzi wangu wanayapenda mabibo, niwaache?

Marahaba mama. Wape machache, tena baada ya kula nyasi kavu. Yana sukari nyingi. Wakijishindilia, asidi hupanda tumboni na mbuzi anaweza kufa. Na wakati wa kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, usiwachunge chini ya mikorosho hiyo. Salfa ikizidi huweza kuharibu ubongo wa wanyama wanaocheua.

*Mchunga wa Liwale:* Mwalimu, nyasi za huku ni tele kuliko Usangu tulikotoka. Mbona ng'ombe wanadhoofu hata masika?

Ndugu yangu, pengine zimekuwa tele kwa sababu ya mbung'o. Hao ndio waliozuia ng'ombe wengi wasikae kwenye mapori ya miombo. Nyati hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, bila kuugua, ng'ombe wako anaugua. Mwite afisa mifugo apime damu kabla ya kununua dawa. Kuosha kwa dawa ya kuua mbung'o kunasaidia, na usichunge pembeni mwa pori la wanyama.

*Kijana wa Masasi:* Nikichoma nyasi za Septemba si zitachipua laini?

Zitachipua, na chipukizi lina protini kweli. Ila hilo chipukizi linakula akiba ya mizizi. Ukiingiza ng'ombe wiki hiyohiyo, nyasi nzuri zinakufa na magugu yanashika nafasi. Moto wa Septemba pia ni mkali kuliko wa Juni, unaua hata miche ya miti. Na usisahau mikorosho ya jirani mwezi huo ina maua na korosho changa. Bora ukate hizo nyasi mwezi wa tano, uzikaushe.