Pijo 504 imeliwa na kutu chini ya milango? Tengeneza bati lako mwenyewe, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau wa magari ya zamani. Naulizwa sana kuhusu Pijo 504 zilizooza chini ya milango, na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa na fundi kwamba "hapa tunapiga puti tu bosi, haitaonekana". Ndugu zangu msikubali. Puti, yaani ile dawa ya kujazia mabonde ya bodi kabla ya rangi, haizuii kutu, inaifunika tu, na huko ndani maji yanaendelea kukaa na bati linaendelea kuliwa mpaka siku unaweka jeki inazama ndani ya bodi. Dawa ni kukata yote iliyooza hadi ufike kwenye chuma kizima af uweke bati jipya, na hilo bati unaweza kulitengeneza mwenyewe hapo hapo gereji kwa nyundo na vipande viwili vya engo, yaani chuma cha pembe.

Na hii gari inastahili kabisa. Ilitoka 1968, Ufaransa wakaacha kutengeneza saluni yake 1983 lakini Kenya wakaendelea kuiunganisha baada ya hapo, mashindano ya Safari Rally ikachukua 1975 kwa dereva Ove Andersson na 1978 tena kwa Jean-Pierre Nicolas. Injini yake mafundi wengi wa zamani wanaifungua macho wamefumba. Kinachoziua ni bodi, hasa zilizoishi Tanga, Dar, Mombasa, huku kwenye upepo wa chumvi.

Hapa naongelea saluni, na mfano wangu ni kizingiti, ile mbavu ya chini unayovuka mguu ukiingia kwenye gari. Ukiiweza hiyo basi sakafu, chini ya milango na madigadi utaviweza, njia ni ile ile.

Hatua ya 1: Tafuta kutu inaishia wapi

Rangi iliyovimba kama malengelenge ni dalili ya nje tu, kizingiti kinaoza kuanzia ndani kwa sababu vumbi linaingia, likilowa linakuwa tope, tope linaziba vile vitundu vya chini vya kutolea maji, na maji yakikosa pa kutokea yanakaa humo masika nzima. Kwa hiyo usiangalie kwa macho peke yake. Chukua nyundo ndogo ugonge taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa na unasikia vipande vya kutu vinamwagika ndani. Palipo na sauti hiyo chomeka bisibisi kwa nguvu, ikiingia chora na chaki. Af pitisha sumaku uliyoifunga kitambaa, ikikataa kushika ujue hapo kuna puti ya fundi aliyepita. Ukimaliza chora mstari wa kukata ukienda sentimita 2 hadi 3 nje ya kutu, maana ukichomelea kwenye bati lililochoka litatoboka tu.

Hatua ya 2: Andaa gari kabla ya kushika grainda

Chomoa nyaya zote mbili za betri na plagi ya alteneta. Toa viti, kapeti, na ile lami ya sakafuni, inawaka vibaya sana. Angalia paipu ya mafuta na ya breki zimepita wapi, kama tangi liko karibu na unapochomea lishushe, hakuna mjadala. Weka ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto, na mtu wa kukaa upande wa pili anaangalia cheche zinaangukia wapi wakati wewe uso uko ndani ya kofia ya kuchomelea.

Sasa sikiliza hapa vizuri. 504 saluni haina chesisi ya pembeni kama Land Rover, bodi yenyewe ndo chesisi, na kizingiti ni mfupa unaoshika mbele na nyuma ya gari visiachane. Ukikikata gari ikiwa imening'inia kwenye jeki moja inapinda katikati kidogo tu, milimita chache, na ukishachomelea ndo imekwisha, mlango haufungi tena milele. Kwa hiyo weka gari kwenye sakafu iliyo sawa, stendi ziwe karibu na mahali suspensheni inaposhika bodi, mbele na nyuma, sio katikati. Fungua milango, chomelea vyuma vya skweapaipu kwa ndani ili milango iweze kufungika, kutoka nguzo ya mbele kwenda ya katikati na kutoka ya katikati kwenda ya nyuma, vidoti vidogo tu vya weldi maana utavitoa baadaye. Kabla ya hapo pima mwanya wa kila mlango juu, kati na chini, andika kwenye masking tepu ubandike pale pale kwenye bodi. Na fanya upande mmoja uishe kabisa ndo uende wa pili.

Hatua ya 3: Kata

Diski nyembamba ya milimita 1, mistari iliyonyooka, kona ziwe za duara maana kona kali ndo bati linapopasukia. Pale kiwanda kilipounganisha kwa vidoti vya kuchomelea usirarue na tindo, toboa kila kidoti kwa drili ya milimita 8 bati la juu tu, litaachia lenyewe na la chini litabaki zima. Ukifungua utakuta kuna bati la nje na la ndani. La ndani nalo likaguliwe, likiwa limeoza unaanza nalo. Kipande ulichokitoa usitupe hata kama ni chakavu, kinakuonyesha mkunjo ulikuwa wapi.

Hatua ya 4: Bati gani ununue

Omba bati laini la bodi, lile lenye uso unaong'aa kidogo na mafuta, sio lile lenye magamba ya kiwandani. Kizingiti na sakafu chukua geji 18, karibu milimita 1.2. Madigadi na ngozi ya mlango geji 20 inatosha. Bati la nyumba lenye zinki usiliguse, ule moshi mweupe ukiuvuta, usiku utatetemeka kama una malaria.

Hatua ya 5: Pateni ya boksi

Kata boksi gumu la kawaida, libane kwenye tundu, kunja pale bodi inapokunja, punguza, rudia mpaka likae bila kulazimisha. Fanya kama fundi cherehani, pateni ikikaa vizuri nguo itakaa. Ongeza sentimita 1.5 kwenye kingo za juu na chini zitakazolala juu ya bati la zamani, lakini mbele na nyuma zije ncha kwa ncha. Hamishia kwenye bati kwa msumari uliochongwa, kalamu inafutika.

Hatua ya 6: Kunja

Hapa ndo watu wanaogopa na ndo pana raha yenyewe. Laza bati kati ya engo mbili, mstari wa mkunjo uwe sawasawa na ukingo wa engo, kaza klampu ncha zote mbili na moja katikati kama ni refu. Usipige bati na nyundo moja kwa moja, utaliachia makovu na litarefuka lianze kuwa na mawimbi. Weka kipande cha mbao ngumu juu yake, piga mbao, na tembea nayo kutoka mwanzo hadi mwisho ukikunja digrii chache tu kila mzunguko, usimalizie upande mmoja kwanza. Kizingiti kina ule uviringo wa nje, huo unaupata kwa kulibonyeza bati juu ya bomba kwa mikono, kidogo kidogo, ukienda kulijaribisha kwenye gari kila mara.

Ukifika kwenye madigadi ambako kingo inakunja na kuzunguka kwa wakati mmoja, njia rahisi ni kukata vijipembe vya V kwenye ule mkunjo, vifungike, halafu unavichomelea na kusaga. Kwa tumbo la bati tumia mfuko wa mchanga na nyundo ya mpira.

Hatua ya 7: Jaribisha, jaribisha tena

Bana bati na klampu, mwanya wa kuunganishia usizidi milimita 1. Funga milango. Linganisha na namba ulizoandika kwenye tepu. Kama haziko sawa usichomelee, rudi ukarekebishe.

Hatua ya 8: Chomelea

Fimbo za kawaida za kuchomelea geti zitatoboa bati hili, tumia MIG, ile mashine ya kuchomelea kwa waya, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8, au gesi kama mkono wako umetulia. Safisha pande zote hadi chuma kiwe cheupe, sehemu zitakazolaliana puliza praima ya zinki. Kingo za juu na chini toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita 4 hivi uyajaze kwa weldi, hiyo inachukua nafasi ya vile vidoti vya kiwanda.

Kwenye ncha kwa ncha usivute mstari mrefu. Doti moja mbele, moja nyuma, moja katikati, af uruke, kila nafasi ya sentimita 3, halafu jaza katikati ya katikati. Shika bati kwa kiganja pembeni ya doti, ukishindwa kuacha mkono hapo subiri, nenda kachomelee kona nyingine. Ukiona rangi ya bluu imesambaa pana umezidisha moto, bati litavuta na kuingia ndani. Usimwage maji kulipoza, liache lipoe lenyewe.

Hatua ya 9: Saga na uzibe

Saga juu ya weldi tu kwa diski ya msasa namba 80, usile bati la pembeni. Praima ya epoksi, silanti ya bodi kwenye maungio yote, na sasa ndo puti ina kazi yake, utando mwembamba wa milimita 2 basi, juu ya epoksi. Vile vyuma vya milangoni vikatwe, halafu rangi inafuata.

Cha mwisho ni cha ndani. Rangi ikishakauka pitisha mpira mwembamba kwenye matundu ya kizingiti unyunyize waksi ya kuzuia kutu mpaka ianze kudondoka chini, urefu wote. Inapodondokea ndo vile vitundu vya maji, hakikisha hujaviziba na silanti, na kila masika ikiisha pitisha waya kwenye kila kimoja utoe tope.