Somo: Kutuliza vali ya maji ya boila kabla ya kugusa kontrola

Kiwango cha maji kwenye drami (tangi la boila lenye maji na mvuke) kikianza kupanda na kushuka bila kutulia, wengi hukimbilia kontrola na kubadili namba za PID, yaani mipangilio inayoamua kontrola iisukume vali kwa nguvu na kasi gani. Mara nyingi tatizo limo kwenye vali yenyewe: inanata, hewa yake chafu, au ni kubwa kuliko kazi iliyopewa. Namba haziwezi kurekebisha chuma kilichokwama, ndiyo maana kontrola nimeiweka mwisho.

Mfano wetu ni boila ya tani 10 za mvuke kwa saa, presha baa 10, maji ya kulishia nyuzi 105 kutoka kwenye dieereta (tangi la kutoa hewa kwenye maji), na baa 14 maji yanapotoka kwenye pampu. Vali ni ya globu, inaendeshwa kwa hewa na ina pozishona (kifaa kinachosogeza shina la vali kufuata signali ya kontrola) ya miliampea 4 hadi 20.

Kabla ya lolote, mwarifu mkuu wa zamu na weka mtu mwenye redio kwenye kioo cha maji. Kinga ya maji kushuka isizimwe hata kwa dakika moja. Boila inayowaka bila maji ya kutosha inaua watu.

Hatua ya 1. Mzigo ukiwa umetulia, hamisha kontrola iende kwa mkono ili vali ibaki palepale. Mawimbi yakiisha, kiwango kikawa kinasogea taratibu upande mmoja tu, tatizo liko kwenye vali au kontrola. Yakiendelea, kagua pampu, kipima kiwango na watumiaji wa mvuke, na uiache vali.

Hatua ya 2. Pima kunata. Ukiwa bado kwa mkono, ongeza signali 0.5%, subiri shina litulie, ongeza tena hadi lisogee. Kisha rudi chini vivyo hivyo na uhesabu asilimia zilizopotea kabla shina halijageuka. Chini ya 1% ni vali nzuri. Ikizidi 2%, usitegemee kiwango kitulie.

Hatua ya 3. Tibu msuguano. Mkosaji wa kawaida ni paking (ufungio unaozunguka shina) iliyokazwa kupita kiasi ili kuzuia mvujo. Paking ya grafaiti hushika shina kuliko ya tefloni, na kwa maji ya nyuzi 105 tefloni inatosha kabisa. Tenga vali, toa presha yote, ndipo ufungue glandi, yaani kikazio cha paking. Shina lenye mikwaruzo libadilishwe, la sivyo litaila paking mpya. Nati za glandi zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, zibaki sawa pande zote.

Hatua ya 4. Hewa. Toa maji kwenye filta ya regyuleta, pitisha povu la sabuni kwenye viungo, kisha soma kibati cha aktueta (sehemu ya hewa na springi inayosukuma shina): springi ya baa 0.2 hadi 1.0 kwa kawaida hupewa hewa ya baa 1.4. Tikisa pia mkono unaorudisha taarifa ya shina kwenye pozishona. Pini iliyolika hapo humfanya mtu alaumu paking bure.

Hatua ya 5. Kalibresheni: miliampea 4, 8, 12, 16 na 20 ziwe 0, 25, 50, 75 na 100% ya ufunguzi wa vali. Pima ukipanda na ukishuka pia.

Hatua ya 6. Ukubwa. Hapa ndipo vali nyingi zinapoharibikia tangu siku ya kununuliwa. Tani 10 za maji ya nyuzi 105 ni takribani mita za ujazo 10.5 kwa saa. Kati ya baa 4 tulizo nazo (14 za pampu kutoa 10 za boila), tuseme 1 inapotea kwenye mabomba na vali ya kuzuia kurudi, hivyo vali inabaki na 3. Kv ni mita za ujazo za maji kwa saa ambazo vali hupitisha presha ikipungua baa 1 ndani yake. Kv = 10.5 × √(0.955 ÷ 3), yaani karibu 6; 0.955 ni uzito wa maji haya ukilinganisha na maji baridi. Mtu akifunga vali ya mstari mnyoofu (mtiririko hupanda sawa na ufunguzi) yenye Kv 25 kwa sababu inalingana na bomba, itafanya kazi ikiwa wazi 24% kwa mzigo kamili, na 5% hivi mzigo ukishuka hadi tani 2, tukichukua baa 3 zilezile. Hapo plagi (kizibo kinachosogea) inakaribia kugusa siti (kikalio chake): msogeo mdogo tu hubadilisha mtiririko sana, na maji yanayopita kwa kasi huichonga siti. Kv 10 ingekuwa wazi 60% na 12%. Mara nyingi huhitaji vali mpya, kwani watengenezaji wengi huuza trimu ndogo (plagi na siti yake) inayoingia kwenye bodi ileile.

Hatua ya 7. Sasa gusa kontrola. Anza na nguvu ya uwiano (jibu linalolingana na ukubwa wa kosa), kisha ongeza intigrali (jibu linalokua kadiri kosa linavyodumu) polepole. Intigrali kali kwenye kiwango cha drami huleta mawimbi hata vali ikiwa mpya.

MASWALI

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Plagi yetu ina vishimo kama imetafunwa na panya, ila maji yametibiwa vizuri. Shida nini?

Jibu: Kagua mnavyowasha boila, mkuu. Ikiwa bado haina presha, maji yanashuka kutoka baa 14 hadi karibu sifuri. Maji ya nyuzi 105 huchemka presha kamili (inayohesabu na presha ya hewa ya nje) ikishuka chini ya baa 1.2, kwa hiyo yanachemkia ndani ya vali. Presha ya boila ikianza kupanda, viputo hupasuka juu ya chuma na kuacha vishimo vya kukwaruza. Mngeona chuma kimelika laini, ningesema viputo havikupasuka humo. Wekeni vali ndogo ya kuwashia yenye trimu ngumu ya hatua kadhaa, na vali kuu ibaki imefungwa hadi presha ipande.

Swali: Mvuke ukihitajika ghafla, kiwango kinapanda kwanza, vali inafunga, halafu maji yanashuka vibaya. Ni kunata?

Jibu: Hapana. Presha ikishuka, viputo ndani ya drami hutanuka na kuinua maji kwa muda, na kontrola inayosoma kiwango peke yake hudanganyika. Dawa ni kontrola inayosoma vitu vitatu: kiwango, mtiririko wa mvuke na mtiririko wa maji.

Swali: Hewa ikikatika, vali ifunguke au ijifunge?

Jibu: Wengi huchagua ifunguke, maana kukosa maji ndiyo hatari ya haraka zaidi. Lakini lazima pawe na kinga ya maji kuzidi, yasije yakaingia kwenye laini ya mvuke. Usigeuze springi kabla wahandisi wa mtambo hawajapitia hatari za pande zote mbili.